Luteni Aliyesema Kiswahili: Kumbukumbu za Utotoni na Uhakiki wa Star Trek

Utangulizi

Nilisikia Kiswahili kikisemwa angani kabla sijajifunza kukisema mwenyewe. Nilikuwa na umri wa miaka tisa, nyumbani Jinja, na mjomba alikuwa amenunua diski za Star Trek ya zamani, zile zinazonakiliwa na kuuzwa mitaani kwa bei nafuu. Jioni, umeme ukiwepo, tuliketi watoto watano kwenye mkeka tukatazama. Hatukufuata Kiingereza chote. Tulifuata milango inayojifungua yenyewe, mtu mwenye masikio yaliyochongoka, na mwanamke mweusi mwenye nguo nyekundu aliyeketi katika chumba cha uongozaji akiwa na kifaa cha kusikilizia sikioni. Mjomba alisema anaitwa Uhura. Mimi nilisikia Zuhura, kwa sababu jirani yetu aliyeuza mandazi aliitwa Zuhura, na kwa muda mrefu niliamini kwamba mtu wa mtaa wetu, au walau ndugu yake, amefika angani.

Jioni moja mwanamke yule akatamka maneno ambayo hayakuwa Kiingereza. Nyanya, aliyekuwa akichambua mchele, akainua kichwa akasema, "Huyo anasema Kiswahili." Hakusema kwa furaha. Kwa watu wengi wa umri wake nchini Uganda, Kiswahili ni lugha waliyoisikia kwenye vizuizi vya barabarani, kinywani mwa askari wa Idi Amin. Aliuliza kama mwanamke yule ni mwanajeshi. Mjomba akamjibu kwamba ndiyo, ni luteni. Nyanya akarudi kwenye mchele wake kana kwamba jambo limeeleweka.

Leo ninasoma Kiswahili chuo kikuu, na nimezitazama tena sehemu zile nikiwa mtu mzima. Katika insha hii ninakusudia kuuliza swali moja: Kiswahili kinafanya kazi gani katika Star Trek? Je, ni lugha ya mtu, au ni pambo tu? Swali hili lina uzito kwa sababu kumbukumbu za utotoni kuhusu tamthilia hii zimesimuliwa mara nyingi, hasa Marekani, na karibu zote ni za kusifu. Mimi pia nina kumbukumbu za kusifu. Lakini mhakiki hana budi kutenganisha kile alichokipenda na kile kilichokuwapo.

Usuli wa tamthilia

Star Trek ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966 kupitia shirika la televisheni la NBC. Mwanzilishi wake alikuwa Gene Roddenberry. Tamthilia ya kwanza ilidumu misimu 3 tu, jumla ya sehemu 79, ikasimamishwa mwaka 1969. Hata hivyo ilirudiwa kuonyeshwa mara nyingi kiasi kwamba ikazaa nyingine: ya vikaragosi mwaka 1973, The Next Generation kuanzia 1987, kisha Deep Space Nine, Voyager, Enterprise, Discovery, Strange New Worlds na kadhalika, pamoja na filamu za sinema. Ni miongoni mwa bunilizi za kisayansi zilizoishi muda mrefu zaidi katika televisheni ya Marekani, na ndiyo maana watu wa vizazi tofauti wanaweza kusema, "Niliitazama nikiwa mtoto," kila mmoja akiwa na maana yake.

Inafaa kukumbuka mwaka 1966 ulikuwa mwaka wa namna gani. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru 1961, Uganda 1962, na Kenya 1963. Neno "uhuru" lilikuwa limevuka mipaka ya Afrika Mashariki na kufika katika magazeti ya dunia. Nchini Marekani, Wamarekani weusi walikuwa katikati ya harakati za haki za kiraia, na baadhi yao walikuwa wameanza kukitazama Kiswahili kama lugha ya kurudishia heshima yao. Desemba ya mwaka huohuo wa 1966, Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa, ambayo misingi yake saba imepewa majina ya Kiswahili: Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba na Imani. Kwa hiyo Kiswahili kiliingia katika sebule za Wamarekani kwa njia mbili ndani ya miezi minne: kwa tamthilia ya watu wanaosafiri kati ya nyota, na kwa sikukuu ya watu waliokuwa wakitafuta walikotoka.

Jina

Mwigizaji Nichelle Nichols alisimulia mwenyewe jinsi jina la Uhura lilivyopatikana. Alipokwenda kufanyiwa majaribio ya uigizaji alikuwa na kitabu mkononi, riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, iliyochapishwa mwaka 1962. Neno likawavutia watayarishaji. Lakini likaonekana ni kali mno kwa jina la mwanamke, hivyo likalainishwa likawa Uhura.

Hapa pana mambo mawili ya kuhakiki. La kwanza ni njia ambayo neno lilipitia. Ruark alikuwa mwandishi Mmarekani mweupe, mpenda uwindaji, aliyeandika kuhusu Kenya ya wakati wa Mau Mau na ya kuelekea uhuru kwa jicho la mgeni aliyekuwa karibu zaidi na walowezi kuliko na wenyeji. Kwa maneno mengine, neno letu lilitoka Afrika Mashariki likapita mikononi mwa mwindaji, likaokotwa na mwigizaji mweusi wa Marekani, likafika angani. Sisemi kwamba njia hiyo inalifanya neno kuwa baya. Maneno hayachagui mabehewa. Lenyewe lilitufikia kutoka Kiarabu, na hatulioni geni. Ninasema tu kwamba aliyelishika mwisho, Nichols, ndiye aliyelipa maana ambayo Ruark hakuikusudia.

Jambo la pili ni ule ulainishaji. Kwa nini "Uhuru" liwe kali na "Uhura" liwe laini? Kwa mtu aliyezoea Kihispania au Kiitaliano, irabu "o" mwishoni ni ya kiume na "a" ni ya kike, na "u" inasikika kama jirani ya "o". Kiswahili hakina mpango huo. Nomino "uhuru" iko katika ngeli ya U, na ngeli haiulizi mtu ni wa kiume au wa kike. Mama yangu ni mtu, baba yangu ni mtu, na wote wawili wanaweza kuwa na uhuru uleule. Kubadili irabu ya mwisho ili kupata uhuru wa kike ni kulitia neno sarufi isiyokuwa yake. Zaidi ya hapo, kilichoonekana kikali hakikuwa sauti tu. Mwaka 1966 neno "uhuru" lilikuwa na vumbi la siasa. "Uhura" halina vumbi. Ni neno lililooshwa.

Hata hivyo, ni lazima niseme na upande wa pili. Katika pwani yetu majina mengi ya wanawake yenye asili ya Kiarabu yanaishia na "a": Amina, Salma, Zainabu anayeitwa Zena, na huyo Zuhura wa mandazi. Kwa hiyo sikio la Mswahili halioni ajabu kumsikia mwanamke anaitwa Uhura. Na Zuhura, kama tujuavyo, ni jina la sayari pia, ile inayong'aa kuliko zote alfajiri na jioni. Watayarishaji walilikata neno la siasa bila kujua, na kipande kilichobaki kikafanana na jina la sayari. Kosa langu la utotoni halikuwa kosa kubwa sana.

Jina lake la kwanza lilichelewa zaidi. Katika misimu 3 ya tamthilia ya kwanza Uhura hana jina lingine. Jina "Nyota" lilijitokeza katika kitabu mwaka 1982, na halikutamkwa katika filamu hadi mwaka 2009, pale Zoe Saldana alipoigiza nafasi hiyo. Ni miaka 43 baada ya mhusika kuzaliwa. Katika filamu hiyo suala la jina limefanywa mzaha: nahodha Kirk anahangaika kulijua, na analisikia kwa mara ya kwanza kutoka kinywani mwa Spock. Nilicheka nilipoiona. Baadaye nikafikiri kwamba mzaha huo unawahusu watayarishaji wenyewe. Wahenga walisema jina jema hung'aa gizani, lakini hili liliachwa gizani kwa muda mrefu mno.

Kiswahili katika sehemu mbili

Sasa nije kwenye lugha yenyewe. Katika tamthilia ya kwanza, Uhura anasikika akisema Kiswahili katika sehemu mbili ninazotaka kuzichambua.

Ya kwanza ni "The Man Trap", sehemu iliyoonyeshwa kabla ya nyingine zote, usiku ule wa 8 Septemba 1966. Ndani yake kuna kiumbe kinachoishi kwa kunyonya chumvi katika miili ya watu, na kina uwezo wa kujigeuza sura kulingana na mawazo ya anayekitazama. Sisi watoto kiumbe hiki kilituogofya sana. Mdogo wangu aliificha kopo la chumvi chini ya kitanda kwa siku mbili, na nyanya akapika maharage bila chumvi huku akilaani. Kiumbe kinapokutana na Uhura kwenye ukumbi wa chombo, kinachukua umbo la kijana mweusi mwenye sare. Kinamwambia kwamba alikuwa akimfikiria mtu kama yeye, na kwamba anaonekana mpweke. Kisha kinazungumza naye Kiswahili. Uhura anajibu Kiswahili. Macho yake yanalegea, anakaribia kunaswa, na kinachomwokoa ni wito wa kazi unaomtaka afike chumba cha uongozaji.

Nimeisikiliza sehemu hiyo mara nyingi. Matamshi si mazuri na maneno mengine siyashiki hata kidogo, lakini sitaki kukaa hapo. Mwigizaji aliyepewa mistari ya lugha asiyoijua hawezi kulaumiwa kwa lafudhi. La muhimu ni mahali ambapo lugha imewekwa. Kiumbe kinasoma moyo wa mtu na kumpa anachokitamani. Kwa Uhura, moyoni kuna mtu mweusi anayezungumza naye Kiswahili. Hii ina maana kwamba waandishi walimwaza Uhura kama mtu ambaye ndani kabisa, chini ya sare na cheo, anaota kwa Kiswahili. Ni heshima kubwa. Lakini papo hapo lugha hiyo ni chambo. Anayeisema ni muuaji. Kiswahili kinamvuta kwenye kifo, na Kiingereza cha kazini kinamrudisha kwenye uhai.

Katika sehemu hiyohiyo Uhura anamlalamikia Spock, kwa nusu mzaha, kwamba akilisikia tena neno linalohusu masafa ya mawasiliano atalia. Utotoni sikulielewa lalamiko hilo. Sasa naliona kuwa ni sentensi ya kweli kuliko zote alizopewa. Ni afisa wa mawasiliano ambaye hana wa kuwasiliana naye.

Sehemu ya pili ni "The Changeling", iliyoonyeshwa Septemba 1967. Chombo kinachojiendesha chenyewe, kiitwacho Nomad, kinaingia ndani ya meli. Kinamkuta Uhura akiimba, hakielewi kwa nini mtu anaimba, na katika kutafuta jibu kinafuta yote yaliyomo akilini mwake. Inabidi afundishwe upya tangu mwanzo. Tunamwona kitandani, luteni mzima, akisoma kitabu cha watoto wa darasa la kwanza: mbwa ana mpira, anga lina rangi gani. Anapokwama na kukasirika, Kiswahili kinamtoka. Muuguzi Chapel anamkatiza kwa upole na kumtaka aseme kwa Kiingereza.

Hii ndiyo sehemu nyanya aliyoisikia akichambua mchele. Na ndiyo iliyonirudisha katika uhakiki huu, kwa sababu ya jambo moja la maisha yangu. Katika shule ya msingi niliyosoma, mtoto aliyesikika akisema Kisoga alivishwa kibao shingoni. Alikaa nacho mpaka amsikie mwingine akikosea, ndipo amvishe yeye. Mwisho wa siku, aliyekutwa na kibao alichapwa. Wasomaji wengi wa mkusanyo huu, wawe wametoka Uganda, Kenya au Malawi, hawahitaji maelezo zaidi. Ngũgĩ wa Thiong'o amekwisha kuliandika jambo hili kwa niaba yetu sote. Nilipomwona muuguzi mwenye sauti laini akimwambia mgonjwa wake aache lugha yake na aseme Kiingereza, sikukasirika hata kidogo. Niliona ni jambo la kawaida. Ndivyo shule ilivyo. Nilimwonea Uhura huruma kwa kusahau tu, sikumwonea huruma kwa kukatizwa. Hilo ndilo linalonisumbua leo.

Kwa hiyo tukiziweka sehemu mbili pamoja tunaona mpangilio. Mara ya kwanza Kiswahili ni lugha ya upweke na hatari. Mara ya pili ni lugha ya utoto, ya akili iliyofutwa, inayopaswa kuondolewa ili mgonjwa apone na arudi kazini. Hakuna mara hata moja katika mifano hii ambapo Uhura anaitumia katika kazi yake. Chombo kinakutana na viumbe wa kila namna, na wote kwa muujiza wanajua Kiingereza. Mtu pekee ambaye tunaambiwa ana lugha nyingine ya kibinadamu, na ambaye kazi yake ni mawasiliano, haitumii. Hali hiyo iliendelea hadi filamu ya mwaka 1991, The Undiscovered Country, ambapo Uhura anahitaji kuzungumza na maadui wa Klingon na inabidi afungue kamusi za karatasi akitafuta neno baada ya neno, huku wenzake wakimzunguka. Mtu aliyekaa kwenye kiti cha mawasiliano kwa miaka 25 hakupewa hata lugha ya jirani.

Walichokiona watoto

Nikiishia hapo nitakuwa nimeandika nusu ya ukweli. Kuna watoto wengine walioitazama tamthilia hii, na ushuhuda wao si wa kupuuzwa.

Whoopi Goldberg alizaliwa New York mwaka 1955. Amesimulia mara nyingi kwamba alipomwona Uhura kwa mara ya kwanza alikimbia nyumba nzima akiwaita watu waje waone: kuna mwanamke mweusi kwenye televisheni, na si mtumishi wa nyumbani. Alipokuwa mwigizaji maarufu, aliomba mwenyewe apewe nafasi katika The Next Generation, na kuanzia mwaka 1988 akaigiza kama Guinan. Mae Jemison, aliyezaliwa Alabama mwaka 1956 na kukulia Chicago, naye alimtazama Uhura akiwa mtoto. Alisomea udaktari, akafanya kazi Sierra Leone na Liberia, na Septemba 1992 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kwenda angani, ndani ya chombo Endeavour. Wakati wa safari hiyo alikuwa akianza zamu zake kwa kauli ileile ya kufungua mawasiliano ambayo Uhura aliisema kila wiki. Mwaka uliofuata alionekana katika sehemu moja ya The Next Generation. Inasimuliwa pia kwamba Jemison alijifunza Kiswahili. Mtoto aliyemtazama luteni wa kubuni akajifunza lugha ambayo luteni huyo alikatazwa kuisema kitandani.

Nichols mwenyewe alisimulia kwamba baada ya msimu wa kwanza alitaka kuacha kazi. Mistari yake ilikuwa inapunguzwa, na alitamani kurudi kwenye jukwaa la muziki. Akakutana na Martin Luther King katika hafla, naye akamsihi asiondoke. Alimwambia kwamba hiyo ndiyo tamthilia ambayo yeye na mkewe Coretta waliwaruhusu watoto wao kukesha kuitazama. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Nichols alifanya kazi na NASA kuwahimiza wanawake na watu weusi waombe nafasi za uanaanga. Kundi lililochaguliwa mwaka 1978 lilikuwa na watu 35, miongoni mwao wanawake sita na wanaume weusi watatu: Guion Bluford, Frederick Gregory na Ronald McNair. Kabla ya hapo NASA haikuwa imewahi kumpeleka angani Mmarekani mweusi wala mwanamke.

Tufanye nini na ushuhuda huu? Kuna wanaoutumia kufunga mjadala: kama Jemison alifika angani, basi tamthilia ilikuwa nzuri, na mwenye kulalamika anyamaze. Siafiki. Kumbukumbu ya utotoni haihesabu mistari. Goldberg hakusimulia Uhura alisema nini. Alisimulia Uhura alikuwa ameketi wapi. Watoto waliona kiti. Waliona mwanamke mweusi anafanya kazi inayohitaji elimu, na kwamba wenzake wanamwita kwa cheo chake. Hicho kilikuwapo kweli, hakikubuniwa na kumbukumbu. Lakini kumbukumbu hiyo hiyo ilisahau kwamba aliyeketi alinyamaza muda mwingi. Nichols ndiye aliyejua vyote viwili kwa pamoja, ndiyo maana alitaka kuondoka na ndiyo maana alibaki.

Na mimi niliona nini? Niliona kiti, kama Goldberg. Lakini nilisikia pia, na hapa ndipo mtoto wa Jinja alikuwa na kitu ambacho mtoto wa New York hakuwa nacho. Kwa watoto wa Marekani, maneno yale yalikuwa sauti ya mbali, ishara ya Afrika. Kwa nyanya yalikuwa sauti ya kizuizi cha barabarani. Kwangu mimi, ambaye sikuyaelewa, yalikuwa ni habari mpya: kumbe lugha ya askari inaweza kuwa lugha ya mwanamke mgonjwa anayetafuta maneno. Sikuwahi kuisikia hivyo. Kabla ya hapo nilijua Kiswahili kama amri. Siku ile nilikisikia kama kilio.

Usomaji mwingine wa "The Changeling"

Hapa ninataka kurudi kwenye kitanda cha Uhura, kwa sababu nadhani sehemu ile inasomeka kwa namna mbili.

Namna ya kwanza nimeshaieleza: Kiswahili ni lugha ya utoto inayorekebishwa. Hivyo ndivyo tukio lilivyopangwa, na upole wa muuguzi hauondoi maana yake. Namna ya pili inatokana na mantiki ya hadithi yenyewe. Tunaambiwa kwamba Nomad imefuta kila kitu. Kusoma kumefutwa, na kazi aliyoifanya kwa miaka imefutwa. Amebaki mtupu. Ikiwa ni hivyo, Kiswahili kimetoka wapi? Mashine inayojiita kamilifu, inayoua kila kisicho kamili, imeshindwa kuifikia lugha ya kwanza ya mtu. Imefuta ghorofa zote na kuacha msingi.

Je, waandishi walikusudia hivyo? Sidhani. Nadhani walitaka tu kutukumbusha kwamba Uhura anatoka Afrika, na wakachagua mahali rahisi. Lakini kazi ya sanaa hubeba zaidi ya mzigo uliopakiwa na mwenyewe. Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuliona lile ambalo mwandishi wa Hollywood hakuliona, mradi asilitie ndani kwa nguvu. Na hili limo: limeandikwa katika mpangilio wa matukio. Hata hivyo usomaji wa pili haufuti wa kwanza. Lugha ilibaki, na ilipojitokeza ikakatizwa. Yote mawili ni kweli, na mtoto aliyevaa kibao anayajua yote mawili.

Marekebisho

Ni haki kusema kwamba Star Trek yenyewe imejaribu kujisahihisha. Katika filamu ya 2009 Uhura ni mtaalamu wa lugha, hodari wa lahaja za maadui. Katika Strange New Worlds, iliyoanza mwaka 2022, Uhura kijana anaigizwa na Celia Rose Gooding, anatajwa kuwa ametoka Kenya, na anazijua lugha 37. Hapo wingi wa lugha za nyumbani si kilema cha kutibiwa. Ndio uliomfanya awe afisa hodari. Ni jibu la moja kwa moja kwa kamusi za karatasi za mwaka 1991.

Ukilinganisha na kazi nyingine za Hollywood, hata Star Trek ya zamani haikuwa mbaya kuliko zote. Katika Return of the Jedi ya mwaka 1983, mwanafunzi Mkenya, Kipsang Rotich, aliajiriwa kumsemea kiumbe wa angani mwenye mashavu yaliyolegea, akatumia lugha za Kenya. Watazamaji wa Marekani walidhani ni lugha ya kubuni. Watazamaji wa Nairobi walielewa na wakacheka. Huko lugha ya Kiafrika ilipewa asiye binadamu kwa sababu ilionekana ngeni ya kutosha. Star Trek ilimpa Kiswahili binadamu, tena binadamu wa wakati ujao. Ilidai kwamba karne tatu zijazo lugha hii bado itakuwapo. Mwaka 1966 si wengi waliokuwa tayari kudai hivyo, hata kwetu Uganda.

Hitimisho

Nichelle Nichols alifariki tarehe 30 Julai 2022. Mwezi huohuo Siku ya Kiswahili Duniani iliadhimishwa kwa mara ya kwanza, tarehe 7, na Baraza la Mawaziri la Uganda likaamua Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima. Hayo ni matukio yaliyoangukiana tu, na sitaki kuyafanya zaidi ya hapo. Lakini yalinikuta nikiwa mwanafunzi wa lugha hii, na yalinifanya niulize upya nilikipendaje kwanza.

Jibu langu kwa swali la mwanzo ni hili. Katika tamthilia ya kwanza Kiswahili kilitumika kama pambo, kikawekwa mahali pa udhaifu wa mhusika na kuondolewa mahali pa kazi yake. Uhakiki lazima uliseme hilo bila kuogopa kuharibu kumbukumbu za watu. Lakini pambo hilo lilikuwa lugha halisi, na lugha halisi ikifika mbele ya sikio linaloijua haikubali kubaki pambo. Nyanya aliitambua mara moja, akiwa na mchele mkononi, na ikamletea alichokuwa nacho. Mimi ikaniletea kingine.

Majuzi nilimwonyesha nyanya sehemu ile tena kwenye simu yangu. Nilimtafsiria maneno machache niliyoyashika. Alimtazama muuguzi, akamtazama Uhura, akaniuliza kwa nini wanamkatiza na yeye ndiyo kwanza ameanza kusema. Sikuwa na jibu fupi, ndiyo maana nimeandika insha hii.